Moto umezimika, jeraha linaendelea: muuguzi anavyompima na kumtibu aliyeungua

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu wakakusanyika kuchota petroli. Moto ukalipuka. Siku ile ya kwanza waliohesabiwa kufariki walikuwa zaidi ya 50. Hesabu haikuishia hapo. Iliendelea kupanda siku hadi siku, kadiri majeruhi waliolazwa Morogoro na Muhimbili walivyofariki, mpaka ikapita 100. Wote hao walioongezeka baadaye walikuwa wametolewa motoni wakiwa hai.

Kwa nini mtu aliyeokolewa motoni, pengine akafika hospitali akiongea na kutaja jina lake, afe siku ya tatu au ya kumi na mbili? Ndugu huuliza swali hilo mlangoni mwa wodi wakiwa na uchungu, na wanastahili jibu linaloeleweka. Ukilielewa jibu lake, umeelewa karibu kazi yote ya uuguzi wa majeraha ya moto.

Jeraha la moto haliishi moto unapozimika. Katika saa za mwanzo linaweza kuziba njia ya hewa. Siku ya kwanza na ya pili linamwaga maji ya mwili nje ya mishipa ya damu. Wiki zinazofuata linawafungulia vijidudu mlango, na huku linautafuna mwili wenyewe kwa njaa. Miezi inayofuata linakunja shingo, kwapa na vidole. Kila kipindi kina hatari yake, na mara nyingi hatari ya kipindi hiki haifanani hata kidogo na ya kile kilichopita. Daktari wa upasuaji hupita na kuondoka. Muuguzi ndiye anayeshinda na kukesha na mgonjwa katika vipindi vyote.

Wagonjwa wetu wengi hawatoki kwenye malori. Ni watoto wadogo wa jikoni: sufuria ya chai iliyowekwa sakafuni, uji uliopinduka, beseni la maji ya kuoga ambalo bado halijachanganywa na ya baridi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moto unaua watu wapatao 180,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika makala hii nitamtumia mtoto mmoja wa mfano: ana miaka miwili, kilo 12, amevuta kitambaa cha meza na kumwagikiwa chai ya kuchemka kifuani, tumboni na mkono wa kushoto. Hayupo mtoto mmoja ninayemsema. Wako wengi niliowapokea wakiwa wameungua hivyo hivyo.

Dakika 20 za maji

Tuanzie nyumbani, maana matibabu yenye nguvu kuliko yote yako bombani. Maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20, hupunguza kina cha jeraha na hutuliza maumivu. Yanasaidia hata kama zimepita saa mbili au tatu tangu kuungua. Ndiyo sababu mtoto akifika kituoni ndani ya saa tatu bila kumwagiwa maji, muuguzi anamwagia yeye, wala haoni kwamba muda umepita. Barafu hapana: inabana mishipa midogo ya damu na kuua ngozi ambayo ingepona. Na wakati unapooza jeraha, mwili mwingine uwe umefunikwa, kwa sababu mtoto mdogo hupoteza joto haraka mno.

Vua nguo, bangili, pete, shanga za kiunoni, na ule uzi wa mkononi aliofungwa na bibi. Si dharau kwa bibi. Baada ya saa chache mkono utavimba na uzi ule utakata damu isifike vidoleni. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute, kata kuizunguka. Kisha funika kwa nailoni safi au kanga iliyofuliwa, mwende hospitali.

Tunachokikuta mara nyingi juu ya jeraha ni kingine: dawa ya meno, yai bichi, unga, mafuta ya kupikia, manyoya ya sungura. Manyoya ndiyo yanayotutesa zaidi, kwa sababu hugandamana na majimaji ya jeraha na kuyatoa ni maumivu mapya kwa mtoto. Lakini mama aliyeyapaka alikuwa anamwokoa mwanawe kwa alichokijua. Muuguzi akianza kwa kumfokea, mama atanyamaza, na ukweli tunaouhitaji ili kumtibu mtoto utanyamaza naye.

Kidonda huiba macho

Mgonjwa wa moto anapoingia, macho ya wote huenda kwenye ngozi iliyobanduka. Nidhamu ya kwanza ya muuguzi ni kuyazuia macho yake yasiende huko, ayapeleke kwanza usoni na kifuani.

Je, aliungua ndani ya chumba kilichofungwa? Nywele za puani zimeungua? Kuna masizi mdomoni au kwenye makohozi? Sauti imekuwa nzito au inakwaruza? Anapovuta pumzi kuna mlio? Dalili hizi zinaonyesha kwamba joto na moshi vimeingia kooni, na koo linavimba. Uvimbe huo hauna haraka, na hapo ndipo ulipo udanganyifu wake: mtu anaongea vizuri saa 2 usiku, na saa 6 usiku hewa haipiti. Kwa hiyo mwenye dalili hizi huketishwa nusu wima, hupewa oksijeni, na mtaalamu wa usingizi huitwa mapema, wakati mpira wa hewa bado unaweza kupita kooni. Ukisubiri mpaka abanwe, umechelewa.

Kuna mtego mwingine kwa aliyevuta moshi, au aliyelala na jiko la mkaa chumbani. Gesi ya kaboni monoksidi hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni, na kile kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni hakiwezi kutofautisha hizo mbili. Kitasoma 98 huku ubongo unakosa hewa. Kama amechanganyikiwa, anaumwa kichwa au anatapika, mpe oksijeni ya juu kabisa uliyonayo kwa barakoa yenye mfuko, hata kama kifaa kinasema yuko salama.

Aliyeungua kwa umeme naye ana njia yake. Alama mkononi inaweza kuwa ndogo kama shilingi, ilhali misuli ya ndani imepikika. Tafuta mahali umeme ulipoingia na ulipotokea, pima mapigo ya moyo kwa mashine ya ECG, na tazama mkojo: ukiwa na rangi ya chai nzito au kokakola, misuli iliyokufa inaziba figo, na maji yanapaswa kuongezwa. Aliyemwagiwa tindikali anahitaji maji mengi, kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Kama ni unga wa kemikali, upanguse kwanza ukiwa mkavu ndipo umwagie maji.

Na kabla hujatoka kwenye maswali, uliza ilivyotokea. Mtu mzima aliyeangukia moto wa kuni bila kujikinga, muulize ndugu kuhusu kifafa. Nimeona watu wakitibiwa jeraha miezi miwili na kuruhusiwa bila dawa za kifafa, kisha wakarudi na jeraha jipya. Mtoto mwenye jeraha linalofanana na soksi au glavu, lenye mpaka ulionyooka kama uliochorwa na bila matone yaliyorukia pembeni, huenda alitumbukizwa kwenye maji. Chai iliyomwagika yenyewe hurukaruka na kuteremka kwa michirizi. Muuguzi huandika anachokiona, huchora, na kumhusisha ustawi wa jamii bila kumhukumu mtu koridoni.

Kina cha jeraha kwenye ngozi yetu

Vitabu vingi vya majeraha ya moto vina picha za ngozi nyeupe. Vinasema: jeraha la juu juu ni jekundu, la kati lina malengelenge na wekundu mbichi, la ndani kabisa ni jeupe au jeusi. Muuguzi anayefanya kazi Tabora au Kisumu akiutafuta ule wekundu kwenye ngozi nyeusi hataupata. Ngozi iliyoungua juu juu kwetu inaonekana imeiva kidogo, inang'aa, ina joto na inauma. Mara nyingi utaijua kwa kugusa kuliko kwa kutazama.

Lengelenge likishapasuka, au tabaka la juu likibanduka, ndipo rangi inapoanza kusema. Chini yake kukiwa na rangi ya waridi, pana unyevu, na ukibonyeza kwa kidole chenye glavu panapauka kisha rangi inarudi upesi, mishipa ya damu iko hai. Hilo litapona lenyewe ndani ya wiki mbili hivi, kama hakuna atakayeliharibu. Hapo wazazi huogopa sana, kwa sababu mtoto mweusi amekuwa na bandiko la waridi na wanadhani nyama yote imetoka. Waambie mapema: ni tabaka la juu lenye rangi ndilo limebanduka, na kwa jeraha la namna hii rangi hurudi taratibu kwa wiki na miezi, ikianzia kwenye vitundu vya vinyweleo.

Likiwa na wekundu uliokolea usiopauka unapobonyeza, au mabaka meupe na mekundu, jeraha limeingia ndani zaidi. Damu imeganda nje ya mishipa, ndiyo maana haitoki mahali pake. Na likiwa jeupe kama nta, kahawia au jeusi, kavu, gumu kama ngozi ya ngoma, na mgonjwa hahisi ncha ya sindano hapo katikati, ngozi yote imekufa. Hili halitapona bila kupandikizwa ngozi, isipokuwa likiwa dogo sana. Wapo wanaofurahi mgonjwa asipolalamika. Kutouma kwa jeraha ni habari mbaya.

Neno la mwisho kuhusu kina halisemwi siku ya kwanza. Mwaka 1953 daktari wa upasuaji wa Birmingham, Douglas Jackson, alieleza kwamba jeraha lina maeneo matatu: katikati pamekufa, ukingoni pana wekundu utakaopona, na kati ya hayo mawili pana ngozi ambayo damu yake inasuasua. Eneo hilo la kati ndilo muuguzi analipigania. Likikosa maji, likipata vijidudu au likiachwa lipoe kupita kiasi, linakufa na kuungana na katikati. Likitunzwa, linarudi. Ndiyo maana jeraha lililoandikwa "la juu" Jumatatu linaweza kuwa la ndani Alhamisi, na ndiyo maana tunalipima tena baada ya saa 48 hadi 72.

Kiganja cha mtoto mwenyewe

Baada ya kina, ukubwa. Kwa mtu mzima tunatumia hesabu ya tisa: kichwa na shingo asilimia 9, kila mkono 9, kifua na tumbo 18, mgongo mzima 18, kila mguu 18, sehemu za siri 1. Mtoto hayuko hivyo. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja kinachukua karibu asilimia 18 ya mwili wake na kila mguu kama 14, ndipo mchoro wa Lund na Browder wa mwaka 1944 unapofaa kuliko hesabu ya tisa, kwa kuwa unabadilika na umri. Ubandike ukutani, karibu na mizani.

Kwa majeraha yaliyotapakaa, kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vilivyobanwa ni takriban asilimia 1. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona mkono wa muuguzi ukipimia kifua cha mtoto: kiganja cha mtu mzima juu ya mtoto wa kilo 12 kinafunika karibu asilimia 3, na hesabu yote inayofuata inapotoka. Kata karatasi kwa umbo la kiganja cha mtoto, upime nayo. Sehemu ambazo ngozi imeiva tu bila kubanduka wala lengelenge hazihesabiwi.

Mtoto wetu anapata viganja 15. Asilimia 15. Kwa mtoto, kuanzia asilimia 10 maji ya mshipani yanahitajika. Kwa mtu mzima, kuanzia 15 hadi 20.

Saa ya kuungua, si saa ya kufika

Hapa ndipo watu wengi hufia, kwa hiyo twende polepole.

Jeraha likiwa kubwa, mishipa midogo ya damu huanza kuvuja mwili mzima, hata pale pasipoungua. Maji ya damu yanatoka mishipani na kuingia kwenye nyama. Uso unavimba, mikono inavimba, na ndani ya mishipa damu inabaki kidogo na nzito. Mgonjwa anaonekana amejaa maji, kumbe figo zake zina kiu. Uvujaji huu ni mkali zaidi katika saa 8 za kwanza, na hupungua ndani ya siku moja hadi mbili. Asipopewa maji kwa kasi hiyo hiyo, mzunguko wa damu unaanguka, figo zinasimama.

Charles Baxter na wenzake wa hospitali ya Parkland, Dallas, walitoa katika miaka ya 1960 fomula inayotumika mpaka leo: mililita 4, mara kilo za mgonjwa, mara asilimia iliyoungua. Hayo ni maji ya dripu aina ya Ringer's Lactate kwa saa 24, nusu yake katika saa 8 za mwanzo. Mtu wa kilo 70 aliyeungua asilimia 40 anahitaji mililita 11,200. Ndoo ya lita 10 inajaa na kumwagika. Chupa moja ya nusu lita iliyotundikwa kwa moyo mwema kwenye zahanati haimfikishi popote. Baadaye ikaonekana kwamba wagonjwa wengi walikuwa wanazidishiwa, na maji yaliyozidi nayo huua, kwa kuvimbisha mapafu na tumbo. Kwa hiyo mafundisho mengi ya sasa huanzia chini, mililita 2 kwa mtu mzima na 3 kwa mtoto.

Kwa mtoto wetu: 3 mara 12 mara 15, mililita 540. Nusu, mililita 270, iishe ndani ya saa 8. Saa 8 tangu lini? Hapa muuguzi anageuka mpelelezi.

"Mama, mtoto aliungua saa ngapi?"

"Asubuhi, nesi. Nilikuwa nachemsha chai."

"Asubuhi ipi, mama? Wanafunzi walikuwa wameshatoka kwenda shule?"

"Kaka yake alikuwa anavaa viatu."

"Na huwa anatoka saa ngapi?"

"Saa 12 na robo anakuwa njiani."

Basi aliungua kama saa 12 asubuhi. Sasa ni saa 4. Saa 8 za mwanzo zinaisha saa 8 mchana, zimebaki nne. Mililita 270 gawanya kwa 4: karibu mililita 68 kwa saa. Kwa mpira wa dripu wa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 22 au 23 kwa dakika. Angehesabu kuanzia saa aliyofika, angempa mililita 34 kwa saa, nusu ya anachohitaji, wakati uvujaji uko kileleni. Kama zahanati ilishampa maji, yanatolewa kwenye hesabu. Kuanzia saa 8 mchana, mililita 270 zilizobaki zinakwenda kwa saa 16, karibu 17 kwa saa.

Juu ya hayo, mtoto ana mahitaji yake ya kila siku ambayo fomula haiyahesabu: kwa kilo 12 ni mililita 1,100 kwa saa 24, yenye glukosi, kwa sababu akiba yake ya sukari ni ndogo. Anayenyonya au kunywa vizuri anaweza kupata sehemu yake kwa mdomo. Na pale ambapo mshipa umekataa kabisa, maji ya ORS kwa mdomo au kwa mrija wa puani yaanze wakati watu wanahangaika. Kusubiri mikono mitupu ni kosa.

Lakini fomula ni makadirio ya kuanzia tu. Anayesema ukweli ni mkojo. Mrija wa mkojo unawekwa, na kila saa muuguzi anasoma: mtoto mililita 1 kwa kila kilo, kwa hiyo 12 kwa saa, mtu mzima nusu mililita kwa kilo. Zikitoka 5, maji yaongezwe. Zikitoka 30, yapunguzwe. Kupunguza ndiko tunakosahau. Karatasi ya maji yanayoingia na yanayotoka, iliyojazwa kila saa na mtu aliyeamka kweli kwenda kutazama mfuko, imeokoa watu wengi kuliko krimu yoyote ninayoijua.

Saa hizo hizo, kama mkono au mguu umeungua kuuzunguka wote na gamba la ngozi iliyokufa ni gumu, gusa vidole kila saa: vina joto? vinahisi? damu inarudi ukibonyeza ukucha? Gamba halinyooki, na nyama iliyo ndani inavimba. Vidole vikipoa na kufa ganzi, daktari aitwe achane gamba hilo kwa kisu kabla mkono haujafa. Kwenye kifua, gamba kama hilo humzuia mtu kupumua.

Siku za kitoroli

Mtoto aliyekaa wodini siku tatu anaujua mlio wa kitoroli cha vidonda. Magurudumu yanasikika koridoni, anaanza kulia kabla hayajafika mlangoni. Kilio hicho kinatuambia kwamba jana tulimuumiza. Dawa ya maumivu inapaswa kutangulia: parasetamoli kwa saa zake, mililigramu 15 kwa kilo, na morofini ya kunywa nusu saa au dakika 45 kabla ya kufungua bandeji, majeraha makubwa huoshwa chini ya ketamini, akiwepo mtu aliyefunzwa kusimamia usingizi. Bandeji iliyogandamana hulowekwa mpaka iachie yenyewe. Na mama akae pale, mtoto auone uso wake.

Jeraha huoshwa kwa maji safi na sabuni laini au maji ya chumvi, ngozi iliyokufa na kulegea ikatolewa. La juu juu hufunikwa kwa gozi yenye vaselini na gozi kavu nene juu yake, na lisifunguliwe ovyo kila siku. Asali safi ya tiba imeonyesha kuponya majeraha ya namna hii upesi kuliko bandeji za kawaida. Krimu ya silva sulfadiazini, ile nyeupe inayojulikana kila wodi, ina faida kwa majeraha ya ndani na machafu, lakini inachelewesha yale ya juu juu, na inaacha utando wa manjano unaofanana na usaha na kuficha kina. Anayepewa rufaa asipakwe kabla daktari wa huko hajamwona. Haipakwi usoni, wala kwa mwenye mzio wa salfa, mjamzito aliyekaribia kujifungua au kichanga wa chini ya miezi miwili.

Nilipokuwa mgeni kazini, wodi moja niliyofanyia kazi ilikuwa na kopo moja kubwa la krimu hiyo, na wote tulichota humo kwa zamu, kitanda hadi kitanda. Tulishangaa kwa nini vidonda vyote vilianza kuwa na rangi ya kijani na harufu ile ile tamu ya kuchukiza. Ni bakteria wa pseudomonasi, na sisi ndio tuliomgawa. Kila mgonjwa awe na kopo lake, jina limeandikwa.

Antibayotiki za kuzuia hazitolewi kwa kila aliyeungua. Zinachosha tumbo na kuwafundisha bakteria usugu. Chanjo ya pepopunda hutolewa. Homa peke yake pia isikutishe, kwa kuwa mwili ulioungua huwa na joto la juu hata bila maambukizi. Kinachotisha ni jeraha lililokuwa la waridi kugeuka jeusi, wekundu au joto kusambaa kwenye ngozi nzima ya pembeni, mtoto kukataa kula ghafla, kuharisha, kusinzia, au mwili kuwa baridi kuliko kawaida.

Jeraha lisilofunga mpaka wiki ya tatu litaacha kovu nene, kwa hiyo lafaa kupandikizwa ngozi. Daktari Zora Janžekovič wa Maribor, Slovenia, alionyesha mwaka 1970 kwamba ni bora kuparua ngozi iliyokufa siku ya tatu hadi ya tano na kupandikiza papo hapo, kuliko kungoja gamba lioze na kuanguka lenyewe. Panapokosekana damu, chumba cha upasuaji na mtaalamu, kungoja bado kunaendelea. Huko Fortaleza, Brazil, madaktari wamefunika majeraha kwa ngozi ya sato, samaki yule yule wa Ziwa Victoria. Inatakaswa maabara kwanza. Isije ikachukuliwa soko la samaki na kubandikwa.

Kuhusu chakula nitasema machache, ingawa wodini ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Mwili wenye jeraha kubwa unachoma nguvu kama mtu anayekimbia usiku na mchana, na usipolishwa unakula misuli yake. Mayai, maziwa, dagaa, karanga, uji wa lishe ulioongezwa mafuta, mara nyingi na kidogo kidogo, kuanzia siku ya kwanza. Tusiwafungishe watoto njaa tangu jioni kwa ajili ya kuoshwa chini ya usingizi saa 8 mchana. Chakula kisimamishwe saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji saa 2, na mtoto aliyeahirishwa apewe chakula mara moja.

Mkono uliokunjwa

Mama anampakata mtoto kwa namna asiyolia: mkono wa kushoto umekunjwa, umebanwa ubavuni, kidevu kimelalia kifua. Anaonekana ametulia. Kwa bahati mbaya, mkao unaompa nafuu ndio unaomlemaza, kwa sababu kovu linapokomaa hujikunyata na kushika kiungo kama lilivyokikuta. Baada ya miezi michache kwapa halifunguki na kiwiko hakinyooki.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, mtoto huyu hulazwa mkono ukiwa umetanuliwa pembeni kama bawa, kiwiko kimenyooka, na banzi lililofungwa vizuri wakati wa kulala. Aliyeungua shingo hapewi mto. Tunaweka kanga iliyokunjwa chini ya mabega ili shingo inyooke. Goti linyooke, wayo usimame. Vidole vilivyoungua hufungwa kimoja kimoja, la sivyo vinashikana kama utando wa bata.

Kovu hukomaa kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na muda huo wote linawasha na kuvuta. Mama anafundishwa kulikanda kwa vaselini mara kadhaa kwa siku, kulikinga na jua, na kuutunza ule mchezo tunaoufanya wodini: unashika kipande cha embe juu kidogo ya pale mkono wa mtoto unapofika, upande ule ule wa kushoto, unamwita mpaka ajinyooshe na kukichukua. Kesho yake kinapandishwa urefu wa kidole kimoja.